Mwenye Kuku na Kipanga wa Ghorofa ya Nane

Evere, Bruxelles, tarehe 24 Aprili 1995

Maman yangu mupenzi,

Nakusalimia sana, wewe na wote wa kwetu Uvira. Barua hii inakuja kwa mukono wa Tonton Florent. Anapanda ndege ya Bujumbura juma hii, na ameniapia kwamba hataisahau chini ya valizi kama alivyofanya na ile ya Noeli. Bertin anakusalimia pia. Anasema yeye, mukwe wako, amenenepa, usimuhurumie tena.

Sasa nina habari, lakini usicheke mpaka umalize.

Unakumbuka mbegu za lenga-lenga ulizonitumia? Nilinunua bac, kile kisanduku kirefu cha maua, nikakijaza udongo muzuri, nikakiweka balkoni. Nikajiambia, mwaka huu tutakula majani ya kwetu, si ile épinard, muchicha wao wa barafu. Bon. Asubuhi moja kabla ya Pasaka nasikia kitu kinakwaruza huko nje. Nafungua pazia: kipanga. Imesimama katikati ya lenga-lenga yangu, inachimba kwa kifua na kuniangalia kama vile mimi ndiye mugeni.

Maman, mukono ulitangulia akili. Nilishika ile sufuria uliyonipa, nikashika mwiko, nikatoka na nguo ya kulalia, nikaanza kupiga: mwizi, mwizi, toka! Kama tuko uani kwetu. Ghorofa ya nane, asubuhi, watu wamelala. Kipanga ikaruka, ikazunguka mara moja, ikarudi palepale.

Kidogo tu, kengele ya mulango. Ni Madame Cécile wa ghorofa ya saba, yule mujane anayekaa chini yetu. Miaka mitatu tuko hapa, na maneno yetu yalikuwa bonjour ya ndani ya lift, basi. Unajua ninavyokaa hapa: natembea kwa vidole, redio chini, hata samaki nakaanga nikiwa nimefunga madirisha. Nilijua sasa imekwisha, atatushitaki kwa syndic, yule musimamizi wa jengo. Lakini aliniuliza tu kama nyumba inaungua. Nikamwonyesha balkoni. Akasimama pale, akaanza kusema kwa sauti ya kanisani: faucon crécerelle, ndivyo wanavyoita kipanga hii. Hapa ni ndege ya kuheshimiwa, sheria inakataza mutu kugusa kiota chake. Ati niko na bahati. Mimi, mutoto wa mwenye kuku, bahati yangu ni kipanga.

Leo kuna mayai tano ndani ya lenga-lenga. Muke ndiye mukubwa, analala juu yao siku nzima. Mume ni mudogo, kichwa cha kijivu, anamuletea panya. Bertin anauliza bugali tutakula na nini.

Na kuku zako je? Ile ya shingo uchi bado ni mukali?

Mutoto wako,
Rolande

*

Uvira, tarehe 8 Mei 1995

Rolande,

Nimesoma barua yako. Mara ya kwanza nimekasirika, mara ya pili nimecheka, na sasa ninapoandika nimekasirika tena.

Mimi nimekusomesha kwa mayai. Unajua. Kila yai lililokwenda sokoni lilikuwa kalamu yako, kiatu chako, mahali pako kwa masista. Na kila kifaranga iliyobebwa na kipanga ilibebwa kutoka mukononi mwako. Mimi na jirani Mama Sidonie tumevunja sufuria ngapi ju ya kumufukuza huyo mwizi? Leo wewe umempatia nyumba, tena ya ghorofa, na udongo wa kununua. Na mbegu zangu amezifanya kitanda.

Mama mwingine angekuambia uwe na huruma. Mimi nakuambia toa hayo mayai, zika, panda lenga-lenga yako. Hata jana mwizi ameshuka hapa mbele ya macho yangu, amebeba mutoto wa ile ya shingo uchi. Nimepiga sufuria mpaka mukono umevimba. Alipaa nayo polepole, bila hata aibu.

Huku tuko salama. Niko na wageni wachache kutoka Bujumbura, vita imewasukuma, usijali. Nyumba inatosha.

Huyo Madame Cécile mupe chai.

Lakini niambie kitu kimoja. Mayai yake iko na rangi gani? Mama Sidonie anasema ni meupe kama ya kuku. Mimi nasema haiwezekani, mwizi hawezi kutaga yai safi. Tumebishana tangu jana, na kila muntu hapa amechukua upande wake.

Mama yako,
Euphrasie, mwenye kuku

*

Evere, tarehe 26 Mei 1995

Maman,

Umeshinda. Mwambie Mama Sidonie: mayai si meupe. Yana madoa mengi mekundu-kahawia kama bati iliyoshika kutu. Nilijivuna sana kwa ajili yako, hata nikamwambia Bertin, ona, anajua bila kuona.

Lakini sikuyazika. Na sasa nimechelewa, ju ya tangu Jumatatu yamepasuka. Mane yametoka, moja limebaki. Ni vitu vidogo vyeupe, vichwa vinatikisika, midomo wazi. Mama yao anakatakata panya na kuwalisha kidogo kidogo, kila mumoja kwa zamu, na aliyekula tayari akisukuma mbele anamupita. Niliangalia nikasema, mbona hii ni Maman na sahani zetu. Usikasirike. Kifaranga cha kuku sijaona hata kimoja, nakuapia. Kuku za hapa zote ziko ndani ya friji.

Kazini, kule kwa wazee ninaowatunza, wananiuliza habari kabla sijavaa hata blouse ya kazi. Kuna mumoja hakusema neno tangu majira ya baridi. Juzi amenishika mukono: et les petits, na watoto wadogo je?

Donc nimefurahi, lakini kuna shida. Wameweka tangazo ndani ya lift. Jengo litapakwa rangi, kazi inaanza tarehe 12 Juni, na kila kitu kilicho balkoni kiondolewe, bac zote. Madame Cécile anasema sheria iko upande wetu. Lakini sheria ni yake, Maman. Ni wao waliozaliwa nayo. Kuna mukutano wa wenye nyumba tarehe 8, nasi ni wapangaji tu. Bertin anasema tukae kimya, tusianze kujulikana kwa matatizo, wanaweza kukataa kutuongezea mukataba. Na anasema kweli.

Nikinyamaza watoto watatupwa na udongo wao, hawatakuwa hata na manyoya. Nikisema, labda ni sisi tutatafuta nyumba. Usiku nasikia tu lift inavyopanda na kushuka. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Rolande

*

Uvira, tarehe 7 Juni 1995

Rolande mwanangu,

Barua yako imefika jana jioni, nakujibu haraka ju ya Tonton Florent anavuka mupaka kesho. Najua mukutano ni kesho vilevile, na kwamba maneno haya yatakukuta umekwisha kusema au umekwisha kunyamaza. Naandika hata hivyo.

Kipanga simupendi. Usije ukasema huko kwamba mama yako amebadilika. Asubuhi hii tena amezunguka juu ya kuku zangu, nimemuonyesha sufuria.

Lakini wewe umelelewa uani kwangu. Kuku ya jirani ikikuja kulalia mayai kwako, je, tunaifukuza? Hata kama jirani hatusalimiani. Unaiwekea maji kando, unakataza watoto kupita pale, na siku vifaranga vinaanza kutembea unaita mwenyewe aje kuchukua. Hakuna muke wa Uvira amefukuza kuku iliyo juu ya mayai. Angeolewa na nani?

Basi huyo mwizi amelalia kwako. Ni wa kwako mpaka watoto wake watembee. Baadaye mufukuze na sufuria, nitakusaidia kutoka huku.

Na hayo maneno ya kutembea kwa vidole, sikuyapenda. Sikukuzaa na vidole tu. Bertin ni muntu muzuri, anaogopa kwa ajili yako, lakini simama useme. Sema polepole, kwa Kifaransa kile cha masista, na usishushe macho. Wakikutoa ndani ya nyumba, mutarudi kwangu. Hapa hakuna anayelala nje.

Euphrasie, mwenye kuku

*

Evere, tarehe 11 Juni 1995

Maman,

Jibu lako halijafika, nimefanya peke yangu. Ukiwa ulinikataza, unisamehe.

Nilivaa ile kikwembe ya arusi yangu. Bertin aliniangalia, akafunga tai yake, akanifuata. Mukutano ulikuwa chini, karibu na garaji, viti vya plastiki, baridi kama kaburini. Walisoma mambo ya rangi, mambo ya bomba. Halafu mwanamume wa ghorofa ya tatu akasema kuna bac moja haijaondolewa, ghorofa ya nane, kwa ile dame à la casserole. Watu wakacheka. Kumbe hilo ndilo jina langu, Maman. Miaka mitatu nimekaanga samaki madirisha yamefungwa, na jina langu ni madame wa sufuria.

Madame Cécile akasimama. Nilikuwa namuogopa, ju ya hao watoto wa kipanga wanaharisha kwa nguvu, wanaelekeza matako nje, na yote inashuka juu ya nguo zake za kuanika. Akasema: mimi ni mwenye nyumba, niko na haki ya kusema hapa, na nafasi yangu ninamupa Madame Rolande. Akakaa.

Alors nikasimama. Nikasema, ndiyo, madame wa sufuria ni mimi. Nikawaambia kwetu Uvira, kuku ya jirani ikilalia mayai kwako haifukuzwi. Unaiwekea maji, unangojea watoto watembee. Nikasema hii si kuku, najua, na mama yangu akiwa hapa angewapigia sufuria wao na ndege pamoja. Lakini imelalia kwangu. Nikaomba wafanyakazi waanze upande wa avenue, upande wetu uwe wa mwisho. Hakuna anayepoteza kitu.

Kisha mukubwa wa wapaka rangi, ambaye alikuwa amekaa nyuma na kofia magotini, akasema kwake ni sawasawa, ukuta ni ukuta. Wakapiga kura. Tumepewa mpaka mwisho wa mwezi. Wa ghorofa ya tatu alikataa. Katika lift Bertin alinishika mukono kama tuko wachumba.

Nilitaka kumalizia hapo. Lakini jana nilikwenda Matonge, mutaa wa watu wetu hapa, kusuka nywele, kule Galerie d'Ixelles. Aliyenisuka ni mupya, Nadia, mutoto wa Buyenzi, Bujumbura. Kusikia Uvira tu akauliza: unamufahamu Maman Euphrasie wa kuku? Nikasema ni mama yangu. Kichana kikamuanguka. Alinikumbatia mbele ya saluni nzima, akalia, nikalia naye bila kujua sababu.

Ndipo akaniambia. Baba yake, Mzee Hamissi, na mama yake, na dada zake na watoto wao, wote wako uani kwako tangu Machi. Wageni wachache, uliandika. Ni watu kumi na wane, Maman. Na baba yake alimwambia kwa simu kwamba kuku zako zote amezichinja yeye kwa mukono wake, moja moja, ju ya wao ni Waislamu na wewe ulikataa kupika nyama wasiyoweza kula. Mpaka ya mwisho. Banda ni tupu tangu kabla ya Pasaka.

Basi nakuuliza. Ni mutoto wa kuku gani aliyebebwa na kipanga mwezi wa tano?

Nimekukasirikia, na nimejivunia wewe hata kulala sikulala. Sijui nianze na ipi.

Rolande

*

Uvira, tarehe 25 Juni 1995

Rolande,

Unaniuliza kama hakimu. Haya.

Hakuna kuku. Ya mwisho ilikuwa ile ya shingo uchi. Ilikuwa ngumu mpaka Mzee Hamissi akaacha kutafuna, akaiomba radhi. Kipanga hajashusha muguu hapa tangu Machi, angeshukia nini? Nilikudanganya, na kwa habari ya kuku ningekudanganya tena. Wale watu walifika na watoto mugongoni na ufunguo wa nyumba iliyoungua. Ningewapa majani, na kuku zinatembea mbele yao?

Sikukuambia ju ya nakujua. Ungelia huko, ungetuma mushahara wote, ungebaki na njaa. Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni yangu. Tangu baba yako alipofariki, watu wa hapa wananiita mwenye kuku. Walianza kwa kunihurumia, wakaendelea kwa heshima. Nilipofika mwisho wa barua nikatafuta cha kuandika kando ya jina langu, sikupata kingine. Hiyo iliniuma kuliko banda.

Basi. Sasa sikiliza.

Barua yako ya mukutano nimeisoma uani kwa sauti, watu wote wamekaa. Pale pa madame wa sufuria wameniomba nirudie. Mama Sidonie alipiga vigelegele, na mke wa Hamissi, ambaye tangu afike hacheki, alicheka mpaka akajifuta macho. Uliposema mambo ya kuku ya jirani nilisimama kidogo, nikasingizia miwani. Unajua niliandika nini katika ile barua iliyo njiani? Utaiona. Niliwaambia wote: huyo nimemuzaa mimi. Nikarudia kwa wale wa nyuma.

Hawa watoto wa hapa wananiuliza kila siku: bibi, kipanga zako zimeruka? Zangu, wanasema. Nami sikatai tena. Mwaka huu sina kifaranga ingine, ni hao wane wa balkoni yako tu. Mwezi unaisha, na wapaka rangi wanakuja. Usiache hata mumoja afe. Nakuomba mimi, niliyekuambia uwazike.

Mama yako,
Euphrasie

*

Evere, tarehe 2 Julai 1995

Maman,

Wameruka. Wote wane. Nimeanza na hilo ili usiangalie mwisho wa barua kwanza, nakujua.

Barua yako ya tarehe 7 ilifika siku tano baada ya mukutano. Niliisoma nimesimama karibu na boîte ya barua, na nilipofika kwa kuku ya jirani nilikaa chini kwenye ngazi. Madame Cécile alinikuta pale. Nikamutafsiria. Akasema, donc mulikuwa wawili kwenye mukutano. Nikasema ndiyo.

Watatu waliruka juma iliyopita, mumoja kila siku, wakakaa juu ya paa la jirani wakipiga kelele za njaa. Wa mwisho alikataa. Mudogo, mwoga, anatembea juu ya ukingo, anapanua mabawa, anarudi. Nilimwambia, toto, tunabakiwa na siku mbili, wapaka rangi wako upande wa pili tayari.

Ijumaa akajaribu. Hakuruka, alianguka. Alipiga chuma cha balkoni ya Madame Cécile, akabaki pale chini, bawa limefunguka vibaya. Na kunguru walikuwa wanangoja juu ya nguzo. Wawili wakashuka, wa tatu akafuata. Mama yake alikuwa mbali, anawinda.

Mukono ulitangulia tena. Sufuria ileile, mwiko uleule: wezi, wezi, tokeni! Niliinama juu ya chuma mpaka Bertin akanishika kiuno. Na hapo nikasikia mulio mwingine chini. Ni Madame Cécile, mwanamuke wa miaka sabini na kitu, na sufuria yake ya supu na kifuniko, anapiga, anapiga kelele kwa Kiflama cha mama yake, maneno ambayo alikataa kunitafsiria baadaye. Madirisha yote yakafunguka. Yule wa ghorofa ya tatu alitoka na kijiko, akagonga kikombe chake. Kunguru walikwenda, na sidhani watarudi Evere mwaka huu.

Madame Cécile alimupandisha mutoto kwangu ndani ya kikapu cha nguo. Bawa lilikuwa zima. Nilimurudisha ndani ya lenga-lenga yake, nikamwekea maji. Mama yake alikuja na panya, akaangalia, akaondoka nayo, akakaa juu ya paa mbele ya macho yake. Hakumupa. Jana asubuhi mutoto akaenda kuichukua mwenyewe. Aliruka vibaya, anayumba, lakini alifika.

Maman, nililia mbele ya wapaka rangi. Mukubwa wao alivua kofia.

Nadia alikuja leo kula kwetu. Amepiga picha, ataituma na hii: bac tupu, mimi, Madame Cécile, na sufuria mbili. Muonyeshe mke wa Hamissi. Na sikia: sasa nakaanga samaki madirisha wazi.

Mutoto wako,
Rolande, dame à la casserole

*

Uvira, tarehe 23 Julai 1995

Rolande mwanangu,

Picha imepita mikononi mwa watu mpaka imelegea. Nimeiweka karibu na ya baba yako. Madame Cécile anashika sufuria kama muntu wa kwetu, mwambie nimesema hivyo. Siku ya kusoma barua, watoto walicheza mwoga na kunguru mpaka giza, na wote walitaka kuwa sufuria.

Sasa habari yangu. Mzee Hamissi ameanza kushona viatu sokoni. Juzi amerudi na kikapu, amekiweka mbele ya muguu wangu. Ndani kuna kuku muke na vifaranga vyake. Nikamuuliza, Mzee, hizi za kuchinja? Akasema hapana, hizi mukono wangu hautagusa. Mke wake alitazama upande mwingine ili nisione uso wake, nami nilifanya vilevile. Kuku yenyewe ni nyeusi, inajiona, tayari imemudonoa Mama Sidonie.

Na leo, baada ya misa, kivuli kimepita uani. Nimeinua macho: kipanga. Wanawake wote wamekimbilia sufuria, kisha wamesimama, wananiangalia mimi. Walifikiri labda mwaka huu kuna sheria mupya.

Nimechukua sufuria yangu. Nimemwangalia vizuri, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikaona anavyosimama hewani bila kushika kitu. Nikamwambia kwa sauti, wote wasikie: salamu kutoka Evere, wenzako wazima, mutoto wangu amewalea. Alizunguka mara moja juu ya vifaranga vyangu.

Halafu nimepiga, Rolande. Nimepiga mpaka amevuka muto.

Mama yako,
Euphrasie, mwenye kuku